Kibaba cha Tatu

Mjane wa msagaji hakatiwi jiwe. Ndivyo alivyoeleza Edward Coke, jaji mkubwa wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1628 kuhusu sheria ya ardhi. Kwa kawaida mjane alistahili theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe, na theluthi hiyo ilipimwa kwa mipaka: shamba kuanzia kwenye mti fulani hadi kijitoni, malisho ya upande wa kusini, nyumba kuanzia ngazini hadi chumba cha mashariki. Lakini kinu cha maji hakina upande wa kusini. Ukimpa mjane theluthi ya jiwe la kusagia, jiwe utakuwa umelivunja na yeye unga hajaupata. Coke akaweka njia mbili: ama mjane achukue kila kibaba cha tatu cha ujira wa kusaga, ama ashike kinu kizima mwezi mmoja katika kila miezi mitatu.

Naipenda kanuni hiyo kuliko hukumu nyingi ndefu za siku hizi. Anayegawa mirathi huanza kwa kuuliza vitu viko vingapi. Coke aliuliza kitu hiki kinafanya kazi gani. Kinu kinasaga, basi kigawanywe kinachosagwa, au zigawanywe siku za kusaga. Kanuni hiyo ilikuwa katika mizigo ya kisheria ambayo walowezi wa Kiingereza walivuka nayo Atlantiki karne ya 17, wakaenda nayo mahali ambapo kinu kilikuwa roho ya kijiji. Na huko ndiko upungufu wake ulikoonekana. Inasema nani ale kibaba kipi. Haisemi bwawa likipasuka nani alizibe.

Tukitazame kwanza chenyewe hiki kinu, maana neno letu linaweza kupotosha. Huku kwetu kinu ni cha mti, na mchi wake, mali ya jikoni, ambayo mwenye nyumba akifa hakuna anayeikumbuka kwenye orodha. Kinu ninachokizungumzia ni nyumba ya mbao kando ya mto, gurudumu linalosukumwa na maji, na ndani yake mawe mawili: la chini limetulia, la juu linazunguka. Nyuma kuna bwawa, mfereji wa kuleta maji, mlango wa kuyafungia, na mfereji mwingine wa kuyatoa. Mbao huoza, mawe hulika na lazima yachongwe upya mara kwa mara. Chenye thamani hasa kilikuwa kitu kisichoshikika: ruhusa ya kuyazuia maji ya mto yasipite.

Ruhusa hiyo ilitoka kwa mji au kwa baraza la koloni, na ilikuja na masharti. Massachusetts iliweka kiwango cha ujira mapema: msagaji asichukue zaidi ya sehemu moja ya kumi na sita ya nafaka aliyoletewa, na awe na mizani kinuni kwa gharama yake mwenyewe, ili mwenye mahindi apime kabla na baada. Virginia walikuwa wakarimu zaidi kwa msagaji. Ujira wa mahindi ulifika sehemu ya sita. Tena mwaka 1713 Massachusetts ikampa mwenye kinu haki ya kulifurikisha shamba la jirani, mradi amlipe fidia. Kwa hiyo aliyerithi kinu hakurithi jengo na ujira pekee. Alirithi mizani, kiwango ambacho hawezi kukipandisha, jirani anayedai fidia ya malisho yaliyozama, na kijiji kizima kilichopanga foleni na magunia.

Sasa turudi kwenye mafungu. Katika makoloni ya kaskazini mwanamume akifa bila wosia, madeni yake yalilipwa kwanza. Wathamini watatu walipita chumba hadi chumba wakiandika kila kitu, kuanzia kitanda cha manyoya hadi sufuria iliyotoboka. Katika mali inayohamishika, mjane mwenye watoto alipata theluthi iwe yake moja kwa moja, auze, agawe, apendavyo. Katika ardhi na majengo alipata theluthi pia, lakini ya kutumia tu maadamu yu hai. Hawezi kuiuza. Hawezi kuiusia. Akikata miti kupita mahitaji yake anashitakiwa na wanawe kwa kuharibu mali. Siku akifa, theluthi inarudi kwa warithi wa mume kana kwamba yeye hakupita hapo.

Msomaji aliyezoea faraidhi atauliza nani alifaidi zaidi: mjane wa Boston mwenye theluthi, au mjane wa Kiislamu wa pwani yetu mwenye thumni? Ukitazama tarakimu peke yake, moja ya tatu inaishinda moja ya nane kwa mbali. Ila thumni ni milki. Mwenye nayo anaweza kuiuza kesho asubuhi, au akawaachia watu wake mwenyewe. Theluthi ya Kiingereza katika ardhi ni mkopo unaolipwa kwa kufa. Kwa mjane wa miaka 25 mkopo huo ni utajiri. Kwa wa miaka 70 ni kuni za masika mawili matatu. Thamani ya haki yake ilitegemea mapigo ya moyo wake, na wanawe walijua hivyo, naye alijua kwamba wanajua. Mara nyingi nikisoma wosia wa zama zile nahisi hilo katika maneno yake ya kawaida kabisa: mama apewe chumba cha mashariki, aruhusiwe kupita jikoni kwenda kisimani, aletewe kuni hadi mlangoni, apewe farasi wa kumpeleka kanisani. Mtu haandiki kwamba mama aruhusiwe kupita jikoni kama haoni uwezekano wa mama kuzuiwa.

Baada ya mjane, watoto. Hapo walowezi wa Massachusetts waliiacha sheria ya Uingereza wakafungua Biblia. Uingereza kwa kawaida mtoto wa kiume wa kwanza aliichukua ardhi yote. Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, yasema kifungua mimba apewe mafungu mawili. Mkusanyo wa sheria wa 1641 ulifuata hilo, na sheria ya mirathi ya 1692 ikalirudia: mtoto wa kiume wa kwanza mafungu mawili, wengine wote, wa kiume kwa wa kike, fungu mojamoja. Connecticut waliandika yao ya namna hiyo mwaka 1699. Virginia, kwa upande wake, ilishikilia kifungua mimba achukue ardhi yote hadi 1785, baada ya uhuru.

Plymouth tunapata msagaji wa kwanza wa kumtazama kwa karibu. John Jenney aliwasili huko mwaka 1623 katika meli iliyoitwa Little James, na mwaka 1636 akaruhusiwa kujenga kinu kwenye kijito cha Town Brook. Wosia wake ulithibitishwa 1644. Una kifungu ambacho mzee yeyote wa kwetu angekielewa bila mkalimani: binti yake mkubwa, Abigail, alikuwa anaposwa na Henry Wood, na baba akamwachia ng'ombe wawili pamoja na ridhaa yake kamili, ila kwa sharti kwamba kwanza akae mwaka mzima nyumbani kwa mchungaji Charles Chauncy huko Scituate. Ng'ombe wale ni mirathi, ni mahari iliyogeuzwa njia, na ni hatamu. Abigail aliolewa na Wood.

Kinu kikabaki mikononi mwa mjane, Sarah. Huyu simpati katika kumbukumbu za koloni akidai theluthi. Nampata akishitakiwa. Usagaji wake ulilalamikiwa, naye akaahidi mbele ya mahakama kwamba ataurekebisha, kwamba vinu vya kutwangia, vile vya mchi, vitakuwa safi, na kwamba magunia ya watu hayataharibika wala kupotea. Mume amekufa juzi, watoto wapo, na serikali inachouliza ni kwa nini unga una uchafu.

Katika mirathi ya kinu kulikuwa na mrithi ambaye hakuandikwa popote, naye ni mji. Shamba la marehemu likikaa mwaka mzima bila kulimwa kwa sababu ndugu hawaelewani, njaa ni yao. Kinu kikisimama, njaa ni ya wote. Ndiyo maana sheria ya Massachusetts, yenye kupenda kugawa sawasawa, ilikubali kuinama. Mali isiyoweza kugawanywa bila kuharibika ingeweza kutolewa nzima kwa mtoto wa kiume wa kwanza, au akikataa kwa anayemfuata, kwa sharti kwamba awalipe ndugu zake thamani ya mafungu yao kama ilivyokadiriwa na wathamini. Kwa karatasi, hilo ni suluhisho la busara kabisa.

Hebu tulipigie hesabu. Nachukua msagaji wa kubuni, Massachusetts, mwaka 1720, aliyekufa bila wosia akaacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Madeni yamekwisha lipwa. Imebaki mali inayohamishika ya pauni 180, na kinu na ardhi yake vyenye thamani ya pauni 300.

Mali inayohamishika kwanza: mama pauni 60. Zinabaki 120, zinagawanywa mafungu sita kwa sababu wa kwanza anahesabiwa mara mbili. Yeye 40, wengine wanne 20 kila mmoja. Hapo hakuna ugomvi. Kinu kina mafungu sita ya pauni 50. Kifungua mimba 100, wadogo zake jumla 200. Kwa kuwa kinu hakikatiki, anakichukua chote, na papo hapo anadaiwa pauni 200. Theluthi ya deni hilo inaweza kusubiri, kwa sababu mama bado analo fungu lake la matumizi hadi afe. Hata hivyo kiasi cha pauni 133 kinadaiwa sasa, na mfukoni ana 40.

Atalipa kwa nini? Kwa ujira. Tuseme kinu kinasaga busheli 1,600 kwa mwaka. Sehemu ya kumi na sita ni busheli 100. Kibaba cha tatu ni cha mama, kwa hiyo yeye anabaki na busheli 66 na ushei. Katika hizo amlipe kijana wa kazi, anunue mbao za gurudumu, amwite fundi wa kuchonga mawe, amlipe jirani fidia yake, alishe mkewe na watoto wake, ndipo sasa awafikirie dada zake watatu na mdogo wake. Waume wa dada zake, nao, wana mashamba ya kununua na hawana subira.

Fungu maradufu, lililotolewa katika Torati kama heshima ya kuzaliwa kwanza, kwenye kinu linageuka rehani. Katika familia hii anayeonekana amependelewa ndiye anayelala na madeni. Dada zake, ambao kwa jicho la harakaharaka tungewahurumia, wana madai ya fedha taslimu yasiyolowa mvua. Sisemi mabinti wa makoloni walikuwa na raha: binti akishaolewa, alichorithi kilikwenda chini ya mkono wa mumewe, na mume ndiye aliyekuwa akipiga hodi kudai. Nasema tu kwamba orodha ya mafungu haikuonyeshi nani kaumia.

Na theluthi ya mama? Hapa ndipo bwawa linapoingia. Tuseme mafuriko ya majira ya kuchipua yamelibomoa. Kulijenga upya kunataka pauni 30. Mama ana umri wa miaka 60. Akitoa pauni 10, sehemu yake, anajenga bwawa litakaloishi miaka 20 kwa ajili ya watu wengine. Mwana akitoa zote 30, theluthi ya faida ya fedha zake inakwenda kwa mama, ambaye hakutoa kitu. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kumsubiri mwenzake, na maji yanapita. Sheria ilimkataza mama kuharibu mali na ikamtaka aitunze, lakini kutunza si kujenga upya. Coke aligawa kibaba bila kugawa koleo.

Wasagaji wenyewe waliliona hilo kabla ya mawakili. Ndiyo maana walioandika wosia hawakuiachia sheria ya mafungu kazi hiyo. Kawaida yao ilikuwa kumpa kinu mtoto mmoja na kumfungia majukumu: ampe mama busheli kadhaa za mahindi kila mwaka, nguruwe mmoja aliyenona, kuni na chumba, awalipe dada zake kiasi kilichotajwa, kidogokidogo, katika miaka iliyotajwa. Kwa namna hiyo mama hakuwa tena mwenye ubia wa kinu, alikuwa mdai wa nafaka, na bwawa likawa na baba mmoja. Mama alipoteza nguvu, akapata uhakika. Kama hakuridhika, sheria ilimruhusu kuukataa wosia akadai theluthi yake. Wengine walikodisha. Kwenye vinu vya kupasulia mbao wenye hisa waligawana siku: mwenye robo anapasua siku moja katika nne, na kila mmoja achangie matengenezo kwa kadiri ya siku zake. Hao wa mwisho, kwa maoni yangu, ndio waliomalizia sentensi ambayo Coke aliiacha nusu.

Kuna mali nyingine iliyogawanywa kwa theluthi, nayo siwezi kuiandika pamoja na mawe na mbao bila kusita. Orodha za mirathi za makoloni, kaskazini na kusini, zina majina ya watu weusi waliomilikiwa, pamoja na bei zao, mara nyingine mstari mmoja chini ya ng'ombe. Mwaka 1705 Virginia ilitangaza kwamba kwa mambo ya mirathi watumwa wahesabiwe kama ardhi. Maana yake mjane alipewa theluthi yao kwa maisha yake, bila uwezo wa kuwauza wala kuwaacha huru. Daniel Parke Custis alikufa 1757 bila wosia. Mjane wake, Martha, akaolewa na George Washington mwaka 1759 akiwa na theluthi hiyo. Miaka 40 baadaye Washington alipoandika orodha ya watu wa Mount Vernon, shamba ambalo nalo lilikuwa na kinu chake, alihesabu 317, na kati yao 153 walikuwa wa fungu la mirathi ya Custis. Kwa wosia wake aliwaachia huru waliokuwa wake. Hao 153 hakuweza, na wengi walikuwa wameoana na wale wengine. Martha alipokufa mwaka 1802 waligawanywa kwa wajukuu wanne. Sheria ileile iliyomlinda mwanamke mmoja asifukuzwe nyumbani iliwatawanya wake na waume wa watu wengine katika nyumba nne.

Kesi iliyoitikisa sheria ya mafungu katika makoloni inatoka kwenye ukoo wenye kinu. Mwaka 1650 mji wa New London, Connecticut, ulimpa John Winthrop mdogo haki ya peke yake ya kusaga nafaka ya mji, yeye na warithi wake, maadamu wataendelea kukitunza kinu kifanye kazi. Soma sharti hilo polepole. Warithi wakigombana kinu kikasimama, haki yenyewe inakuwa mashakani. Winthrop hakuwa msagaji wa kujipaka unga. Alikuwa gavana, tabibu, mpenda kemia, na ardhi yake ilikuwa nyingi kuliko alivyoweza kuikagua. Alikufa 1676. Wanawe wawili, Fitz-John na Wait Still, walirithi. Wa pili aliishi hadi Novemba 1717.

Wait Still Winthrop alikuwa jaji mkuu wa Massachusetts. Alikufa bila wosia. Wapo waganga wanaokufa kwa ugonjwa wanaoutibu, na jaji huyu alikuwa mfano wao. Aliacha watoto wawili: John, na Ann aliyeolewa na Thomas Lechmere, mfanyabiashara wa Boston. Kwa sheria ya Connecticut ya 1699 hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu matatu, mawili ya John, moja la Ann. John akasema hapana. Yeye ni mtoto wa kiume wa pekee, na kwa sheria ya Uingereza ardhi yote ni yake. Sheria ya koloni inayopingana na ya Uingereza ni batili. Hata kuiingiza ardhi kwenye orodha ya mali ya marehemu alikataa, kwa hoja kwamba si mali ya kugawanywa. Lechmere akashitaki kwa niaba ya mkewe, na mahakama za Connecticut zikampa haki. Kufika 1726 John alikuwa amegombana na bunge la koloni hadi likaamuru akamatwe. Akapanda meli kwenda London.

Huko aliwasilisha rufaa yake kwa Baraza la Faragha la mfalme, na Februari 1728 akashinda. Sheria ya mirathi ya Connecticut ikatangazwa batili na isiyo na nguvu. Fikiria maana yake kwa watu wa kawaida: kwa miongo kadhaa mashamba, mabustani na vinu vilikuwa vimegawanywa kwa wana na mabinti, vikauzwa, vikauzwa tena, na sasa London inasema mgawo wote ule haukuwa na msingi. Kila kaka mkubwa mwenye tamaa alikuwa na sababu ya kurudi mahakamani. Mwaka 1738, katika kesi nyingine iliyotoka Massachusetts, Baraza hilohilo likaiacha sheria ya huko isimame, kwa kuwa ile ya 1692 ilikuwa imekwisha kupata kibali cha kifalme. Connecticut ilisubiri hadi 1745 ndipo rufaa ya namna hiyo ilipotupwa na watu wakapumua.

Wasomaji wa pwani yetu wanalijua Baraza hilo kwa njia nyingine. Enzi za ukoloni rufaa za Kenya, Tanganyika na Zanzibar zilifika huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndilo lililobatilisha waqfu wa familia uliotoka Mombasa, kwa kufuata hoja iliyotumika katika kesi ya Bengal ya 1894. Mambo ni tofauti, imani ni tofauti, ila mchezo ni mmoja: familia imepanga mali yake kwa desturi inayoaminiwa na majirani wote, na wazee wa mbali wanapima kwa pishi yao. Hata ile haki ya kutumia bila kumiliki haikubaki Massachusetts. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya humpa mjane au mgane mwenye watoto vyombo vya nyumbani kabisa, na mali iliyobaki kwa matumizi ya maisha yake. Nikikaa na familia yenye mashine ya kusaga sokoni, mama anashika daftari na kijana anashika spana, swali huwa lilelile la bwawa, isipokuwa sasa linaitwa mota.

Nirudi kwa Wait Winthrop, maana sijamtaja mjane wake. Katharine alikuwa mke wake wa pili, naye alishawahi kufiwa na mume kabla yake. Mwaka 1720 alianza kuposwa na Samuel Sewall, aliyemrithi Wait katika ujaji mkuu na ambaye pia alikuwa jaji wa mirathi wa wilaya ya Suffolk, mtu mzima aliyekwisha kuwazika wake wawili. Sewall aliandika kila kitu katika shajara yake: zawadi za lozi, glavu alizomwomba azivue, na mjadala wa gari la farasi, ambalo yeye alidai lingegharimu pauni 100 kwa mwaka na Katharine akasema 40 tu. Alimwahidi pauni 100 kila mwaka iwapo atamtangulia kufa, kisha akamuuliza yeye atampa nini akitangulia. Akasema atampa muda wa kufikiri. Katharine akasema amesikia kwamba Sewall amekwisha wagawia watoto wake kila kitu kwa hati za zawadi.

Wakosoaji wengi hucheka wanapofika hapo. Wanaona posa imegeuka soko. Mimi naona mwanamke pekee katika hadithi hii nzima aliyeuliza swali la mirathi kabla ya maiti. Mali aliyokwisha kuigawa mume kabla ya ndoa haina theluthi ya kudai. Sewall alijitetea kwamba ardhi yake ya Point Judith bado ni yake. Hawakuoana.

John Winthrop, mshindi wa London, hakurudi. Alibaki Uingereza, akawa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, akafa huko 1747. Mkewe, naye jina lake Ann, binti wa gavana Joseph Dudley, alibaki New London na watoto na shughuli za mali kwa zaidi ya miaka 20. Ardhi ilikuwa ya mumewe yote, bila kumegwa, kama alivyopigania. Theluthi ya mke haiamki mpaka mume afe, na wa kwake alikuwa hai, ng'ambo ya bahari. Kinu chenyewe, kilichotengenezwa tena na tena, bado kipo New London, chini ya daraja la barabara kuu.